Kifungua mimba aitwe Shija? Majina ya akina bibi wa Kanda ya Ziwa na namna ya kuyarudisha

SWALI: Naishi Buzuruga, Mwanza. Mimi ni Msukuma, mke wangu ni Mjaluo wa Shirati, na tunategemea mtoto wetu wa kwanza mwishoni mwa Novemba. Tunataka jina la zamani, la kizazi cha bibi zetu. Bibi yangu wa Sengerema, ambaye ni marehemu, aliitwa Shija Felista. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1/7/1949. Bibi wa mke wangu, naye marehemu, aliitwa Akoth Marita. Shangazi anasema kifungua mimba haitwi Shija. Mama anasema anaitwa tu. Nani yuko sahihi? Na ni majina gani mengine yaliyovuma huku kwetu miaka ya 1940 hadi 1960? (Baba mtarajiwa)

JIBU: Ndugu yangu, hongereni. Shangazi na mama wote wako sahihi, ila kila mmoja anazungumzia jina la aina yake. Shangazi anasema habari ya jina la tukio. Mama anasema habari ya jina la kurithi. Ukishazitenganisha aina hizo mbili, sehemu kubwa ya swali lako imekwisha.

Tuanze na Shija. Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha hao ni Shija, awe wa kike au wa kiume. Hapo mzazi hachagui. Uzazi wenyewe umeshachagua. Kifungua mimba akiitwa Shija bila maelezo, mzee yeyote wa Sengerema au Magu atauliza Kulwa na Doto wako wapi, na kwa kuwa haoni watoto wakubwa nyumbani, atadhani mliwazika. Mkeo ataanza kupewa pole ya msiba ambao haukutokea. Hicho ndicho shangazi anachokikwepa, ingawa huenda hajakisema wazi.

Ila jina likipita kwa mjukuu kama urithi wa bibi, linaacha kutoa habari za uzazi. Shija wa namna hiyo ni bibi yake amerudi nyumbani, basi. Sharti lake ni moja: litangazwe mapema, wazee wa ukoo wakiwepo, kwamba mtoto amepewa jina la bibi yake fulani. Mkilifanya hivyo, wewe mwenyewe utaanza kumwita “bibi” kwa utani, na kila mgeni akisikia atajua bila kuuliza. Msipolitangaza, shangazi atashinda hoja.

Sasa hayo majina yaliyovuma. Orodha ya namba moja hadi ishirini kama wanazotoa Waingereza au Wamarekani kwa kila mwaka, kwetu haipo na isingeweza kuwapo. Sheria ya kikoloni ya kuandikisha vizazi haikuwalazimisha Waafrika kujiandikisha, na watoto wengi walizaliwa nyumbani. Halafu mtu mmoja alikuwa na majina mawili au matatu kwa wakati mmoja: la kuzaliwa, la ukoo, la dini. Mfano mnaoujua wote ni Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922 akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki, kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku hiyo. Jina Julius alilipata alipobatizwa Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21. Anayetafuta “Julius” katika karatasi za miaka ya 1930 hampati, na wala hajapotea.

Kwa hiyo tuyapange majina ya zama hizo kwa chimbuko lake.

La kwanza, na ndilo tajiri kuliko yote, ni matukio ya kuzaliwa. Usukumani mvua ilitoa Mabula kwa mvulana na Kabula kwa msichana. Usiku ulitoa Bujiku, jua likatoa Limi na Malimi. Mtoto aliyetanguliza miguu ni Kashinje (wengine huandika Kashindye). Mama akijifungua akiwa safarini au wakati wa kuhamahama, mtoto aliitwa Mayunga. Nyanzala ni wa wakati wa njaa. Haya yote yalikuwa majina ya kawaida kabisa katika kizazi cha bibi yako, na mengi sasa yamebaki kama majina ya baba na babu kwenye vyeti vya watu, huku watoto wenyewe wakiitwa Happiness na Gift.

Upande wa mkeo saa ya kuzaliwa ina uzito kuliko kitu kingine, na jina hubadilika herufi ya mwanzo tu: O kwa mvulana, A kwa msichana. Alfajiri ni Omondi na Amondi. Asubuhi jua likishapanda, Onyango na Anyango. Mchana wa jua kali, Ochieng na Achieng. Jioni, Odhiambo na Adhiambo. Usiku, Otieno na Atieno. Mvua ni Okoth na Akoth. Aliyetoka kifudifudi ni Ouma au Auma, aliyezungukwa na kitovu ni Owino au Awino. Mapacha ni Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo, na anayewafuata ni Okello au Akello. Kwa hiyo mkeo hahitaji kufundishwa maana ya Shija. Mwambie tu kwamba ni Akello wa Kisukuma, ataelewa mara moja shangazi analalamikia nini. Ng'ambo ya magharibi, kwa Wahaya, mapacha wa kiume ni Ishengoma na Kato, na mtoto wa baada yao ni Kaiza. Ziwa zima lina utaratibu huo, kila watu kwa matamshi yao.

Kuna tukio moja la miaka hiyo linalowasumbua wanaotafuta umri wa wazee wao. Kuanzia mwishoni mwa 1961 hadi 1964 mvua zilizidi mpaka maji ya ziwa yakapanda zaidi ya mita 2, mashamba ya pwani yakamezwa. Watu wakimkuta Mabula au Akoth katika ukoo hukimbilia kusema ni mtoto wa mafuriko yale. Mimi singefanya hivyo. Mvua hunyesha Mwanza kila mwaka, na Mabula wengi walirithi jina kwa babu aliyezaliwa mvua nyingine kabisa, pengine kabla ya Wajerumani. Jina la tukio linathibitisha tarehe pale tu unapojua kwamba halikurithiwa.

Chimbuko la pili ni kalenda ya watakatifu, na hapa ndipo Felista wa bibi yako anapoingia. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, wakiwa wametoka Buganda. Ndiyo maana majina ya mashahidi wa Uganda (Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao), akina Kizito, Lwanga na Matiya, yameenea pwani zote za ziwa hili, na yakapata nguvu mpya walipotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Mtoto wa Wakatoliki alibatizwa mapema, na mara nyingi alipewa mtakatifu wa siku aliyozaliwa au aliyobatizwa. Ndipo kijiji cha wavuvi kikawa na Telesphory, Evarist, Aniseti na Respisi, majina ambayo hata ughaibuni si ya kila siku. Daftari la ubatizo liliandikwa Kilatini (Joannes, Josephus, Aloysius), katekista akayatamka kwa sikio la kijijini, na mjukuu leo anaandika kwa Kiingereza. Yohana, Joannes na John wanaweza kuwa mtu mmoja.

Faida yake ni kwamba jina la mtakatifu linaweza kukupa siku. Natalis ni wa Krismasi, Epifania wa 6 Januari, Asumpta wa 15 Agosti, Konsepta wa 8 Desemba, Inosenti wa 28 Desemba, Silvesta wa 31 Desemba, Telesphory wa 5 Januari. Paskali na Paskazia aghalabu ni wa Pasaka, kwa hiyo mpaka ujue mwaka.

Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kutumia kalenda ya sasa. Kanisa lilipanga upya kalenda mwaka 1969, na sikukuu nyingi zikahama. Monika wa 1950 ni wa 4 Mei; leo sikukuu hiyo iko 27 Agosti. Yoakimu alikuwa 16 Agosti, sasa yuko 26 Julai. Tomaso mtume alikuwa 21 Desemba, sasa 3 Julai. Teresia wa Mtoto Yesu alikuwa 3 Oktoba, sasa ni 1 Oktoba. Respisi alikuwa 10 Novemba, na katika kalenda mpya ya Kanisa zima hayumo tena. Tafuta misale (kitabu cha sala za Misa) ya zamani, ile ya Kilatini. Parokia kongwe nyingi bado zina nakala kabatini.

Tumjaribu bibi yako. Kalenda ile ilikuwa na Felisita wawili: yule anayeadhimishwa pamoja na Perpetua, 6 Machi, na Felisita mwingine, mama wa mashahidi, 23 Novemba. Kwa hiyo kama alibatizwa akiwa mchanga na jina likafuata kalenda, huenda alizaliwa ama siku za mwanzo wa Machi au karibu na mwisho wa Novemba, si Julai. Ile 1/7 ya kitambulisho ina dalili zote za tarehe ya kujaziwa: asiyejua siku yake huwekewa 1 Januari au 1 Julai ili fomu isibaki wazi. Njia ya kuhakikisha ni kwenda parokia aliyobatizwa. Usitaje “Shija” peke yake. Chukua jina la ubatizo, jina la baba yake, kijiji au kigango, na miaka mitano ya kutafutia, tuseme 1947 hadi 1951. Mwombe katibu wa parokia asome F kwa tahajia zote: Felista, Felisita, Felicitas. Katika mstari wake utaona tarehe ya ubatizo, majina ya wazazi na ya msimamizi, na mara nyingi tarehe ya kuzaliwa. Ukikuta baba ameandikwa “bin” fulani, usidhani ukoo ulikuwa wa Kiislamu. Karatasi za zama hizo ziliandika bin na binti kwa watu wa dini zote.

Hesabu hiyo ya watakatifu haifanyi kazi kwa Akoth Marita. Shirati ni misheni ya Wamennonite, iliyoanza 1934, nao hawabatizi watoto wachanga. Ndivyo walivyo pia Wasabato, na kanisa la AIC (Africa Inland Church), ambalo wamisionari wake walishika misheni ya Nassa kuanzia 1909. Huko mtu alibatizwa akishaamini, pengine na miaka 15, pengine na 40, akachagua jina katika Biblia: Marita, Raheli, Naomi, Debora kwa wanawake, Zakayo, Elikana, Yeremia, Danieli kwa wanaume. Jina la aina hiyo linakupa dhehebu na ladha ya zama, tarehe halikupi. Hata kwa Wakatoliki, mtu mzima aliyeongoka alipitia miaka kama minne ya mafundisho kabla ya maji, kwa hiyo mtakatifu wake ni wa siku ya ubatizo au wa chaguo la padri.

Majina ya Kiislamu nitayapitia haraka, kwa kuwa si ya nyumbani kwenu, ila mjini Mwanza na kwenye vituo vya zamani vya biashara yalikuwa kila nyumba: Rajabu, Shabani na Ramadhani kwa mwezi, Juma, Hamisi, Mwajuma na Mwanahamisi kwa siku, Mwamvua kwa mvua. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Ramadhani wa 1950 alizaliwa kati ya Juni na Julai, wakati wa 1958 ni wa mwisho wa Machi hadi Aprili. Ukiwa na mwaka unapata mwezi. Usipokuwa nao huna kitu.

Yapo pia ya Kiswahili kitupu yaliyovuka dini na makabila: Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Sikitu, Majaliwa, Bahati, Tumaini. Vijana wanayaogopa wakidhani yanaleta mkosi. Walioyatoa walikuwa na nia nyingine. Mengi yalipewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki, ama kuandika mapito ya mama, ama kumfanya mtoto aonekane hana thamani ili mauti yampite. Mimi binafsi nayaona mazuri kuliko nusu ya majina tunayosikia kliniki siku hizi. Hata hivyo Masumbuko kwa mtoto wa kwanza mwenye afya, wa wazazi wenye furaha, ni kumvisha hadithi ya mtu mwingine. Likiwa la kurithi, sawa.

Basi, mfanyeje nyinyi wawili?

Kwanza muulizeni mama mkwe kuhusu Akoth. Kwa Wajaluo jina la mhenga hutolewa kwa aliyekwisha kufariki, na wengi husubiri ishara: mhenga kuotwa na mtu wa ukoo, au mtoto anayelia sana kutulia jina fulani linapotajwa. Pia hukwepa jina la mtu aliyekufa kifo kibaya. Kwamba bibi ni marehemu ni hatua ya kwanza tu; kibali kinatoka kwao, si kwenye makala hii.

Pili, angalieni kitu kizuri kilicho mbele yenu. Mwishoni mwa Novemba Mwanza huwa ndani ya mvua. Binti akizaliwa mvua ikinyesha, ni Kabula kwako na Akoth kwa mkeo, kwa sababu ileile, na jina la bibi wa mkeo linakuwa limetimia kwa urithi na kwa tukio. Akizaliwa karibu na tarehe 23, Felista linasimama lenyewe kwa kalenda ya bibi yako. Shija lingehitaji maelezo maisha yote, Akoth na Felista hayahitaji. Mkiniuliza, Felista liwe jina la cheti, na Akoth au Shija liwe la nyumbani. Ila kama moyo wako uko kwa Shija, liandike Shija na mtangaze kama nilivyosema, usilifiche katikati.

Na hapa kwenye “katikati” ndipo watu wanapoharibikiwa. Mfumo wetu ni majina matatu: la mtoto, la baba, la babu au ukoo. Ukiandika Felista Shija kisha jina lako kisha la babu, umepeleka majina manne. Shuleni watakata moja ili yabaki matatu, na lililokatwa mara nyingi ni la mwisho. Mtoto anabaki Felista Shija na jina lako, na asomaye anadhani baba yake ni Shija na wewe ni babu. Miaka 18 baadaye, kwenye kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne havifanani, na anaanza safari ya viapo kwa wakili. Jina moja kwenye nafasi ya jina la kwanza.

Tahajia iamuliwe kabla. Pwani hii L na R hubadilishana kwenye kalamu ya mwandishi: Kulwa huwa Kurwa, Mabula huwa Mabura. Doto hupewa T mbili. Felista hugeuka Felister, Akoth hupoteza H. Kama jina la ukoo wenu lina ng' kama Ng'wana, jueni kwamba kompyuta nyingi huidondosha ile alama ya juu. Chagueni leo kama mtaandika nayo au bila, kisha msibadilishe kwenye karatasi yoyote. Andikeni majina yote matatu kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na kiwekwe ndani ya kadi ya kliniki. Tangazo la kizazi hujazwa kituoni, mara nyingi mama akiwa amechoka na wewe uko nje, na muuguzi huandika anachosikia. Lisomeni kabla hamjaondoka. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano hutolewa bila malipo kituo cha afya au ofisi ya kata, kwa kunakili kilichomo kwenye tangazo hilo. Kosa likishaingia kwenye cheti, kulirekebisha kunahitaji maombi, ushahidi na ada.

Akiwa mvulana, msianze kukimbizana na simu za wazee usiku. Mabula au Okoth kwa mvua, Bujiku au Otieno kwa usiku; na kwa tarehe 23 Novemba mna Klementi, ambaye kalenda haikumhamisha. Liandikwe kwenye karatasi ileile, upande wa pili.